Useme kizimbani au unyamaze? Mwongozo kamili kwa mshitakiwa wa jinai Unguja na Pemba

Upande wa mashtaka umefunga kesi. Hakimu anainua macho, anasema una kesi ya kujibu, kisha anakuuliza utajitetea vipi: utaapa utoe ushahidi, utaita mashahidi, au utanyamaza? Mshitakiwa anageuka nyuma. Kwenye mabenchi yupo mama yake, ami yake, na jirani aliyefuatana nao kutoka Mtambile kwa gari ya asubuhi. Ami anatikisa kichwa, jirani anambinyia jicho, mama analia. Wakili, kama yupo, ameinamia karatasi zake. Jawabu litakalotoka hapo kwa khofu ya dakika moja ndilo litakaloandikwa.

Mimi ni msaidizi wa sheria, si wakili. Kizimbani hupanda mwenye kesi na mwenye kesi husemewa na wakili. Kazi yangu ni kukaa benchi la nyuma na kabla ya hapo kukaa na familia barazani. Kutoka huko nyuma nimeona jambo moja likijirudia Chake Chake na Wete: watu huchukulia kwamba kusema au kunyamaza huamuliwa siku ile hakimu anapouliza. Siku ile ni siku ya kulitamka tu. Jambo lenyewe lilishaamuliwa kitambo, tangu shahidi wa kwanza wa mashtaka alipopanda, na ikiwa hukulipanga basi limejipanga lenyewe, tena vibaya.

Hatua ya 1: Gawaneni kazi na wakili, mapema

Mambo manne ni yako, na hakuna wakili, baba wala mzee wa mtaa anayeweza kukuamulia: kukiri au kukana shitaka, kutoa ushahidi au kutotoa, kubaki na wakili huyo au kumwacha, na kukata rufaa. Wakili anashauri. Mwenye kulala ndani ni wewe.

Mengine mwachie. Swali gani aulizwe shahidi, kielelezo gani (kitu au karatasi inayotolewa kuwa ushahidi) kipingwe, hoja gani ya sheria iletwe na lini, hiyo ndiyo kazi aliyoisomea. Nimeona washitakiwa wanaomvuta wakili joho kila baada ya dakika mbili, "muulize hili, muulize lile", hadi akapotea njia. Chukua karatasi, andika unalotaka aulizwe shahidi, mpe wakati wa kupumua. Yeye ataamua.

Mpaka huo si wa kubuni. Huko Marekani, Robert McCoy wa Louisiana alishitakiwa kwa kuua watu watatu. Mwenyewe alishikilia kwamba hakuua. Wakili wake aliona ushahidi umemlemea, akaliambia jopo la raia wanaoamua kesi kwamba mteja wake ndiye aliyeua, akitaraji kumuokoa na kifo. McCoy alipinga hapo hapo, na hukumu ya kifo akaipata vile vile. Mwaka 2018 Mahkama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kwamba wakili hana ruhusa ya kukiri kosa kwa niaba ya mtu anayelikana, na kesi ikarudishwa ianze upya. Hukumu ile haimfungi hakimu wa Wete. Lakini ikiwa wakili wako anakwambia "mimi nitakiri, wewe nyamaza", ujue ameingia kwenye shamba lako.

Upande wa pili wa mpaka tunao mfano wa nyumbani. Machano Khamis Ali na wenzake, wafuasi 18 wa chama cha CUF waliokamatwa kuanzia 1997, walishitakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Novemba 2000 Mahkama ya Rufani ya Tanzania ikasema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar peke yake si dola yenye mamlaka kamili. Hoja kama hiyo hailetwi na mshitakiwa kwa kupanda kizimbani kusimulia alikuwa wapi usiku ule. Inaletwa na mtu wa vitabu. Ndiyo maana nasema: kabla ya kuuliza "niseme nini?", muulize wakili, "kuna jambo la kisheria hapa linaloweza kunitoa bila ya mimi kufungua mdomo?"

Bado wapo wazee wanaomwambia kijana, "Wakili wa nini? Kaseme ukweli wako." Wengi wao walikulia zama za mahkama za wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa. Kesi ya uhaini iliyofuata kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume, 7 Aprili 1972, iliendeshwa bila ya mawakili wa utetezi, na wapo waliohukumiwa kifo bila hata kuwepo mahkamani, Abdulrahman Babu akiwa mmoja wao. Mwenye kukumbuka zama hizo hatakuona mjinga ukitafuta wakili.

Hatua ya 2: Siku ya kusomewa shitaka, jibu neno moja

Ukiulizwa kweli au si kweli, na hukutenda, sema "si kweli". Usianze kusimulia. Maneno ya kuogopa kupita yote siku hiyo ni "ni kweli, lakini...". "Ni kweli nilichukua, lakini aliniruhusu" si kukiri kosa, kwa sababu kuchukua kwa ruhusa si wizi, na hakimu makini ataandika kwamba umekana. Kwa nini umpe nafasi ya kutokuwa makini?

Hapa ndipo jamaa wanapoharibu. "Muombe hakimu msamaha, yaishe." Msamaha wa mahkamani si kama wa barazani. Huko unapoomba msamaha umeshakiri, na kilichobaki ni adhabu. Maombi ya kupunguziwa adhabu yana wakati wake, nao ni baada ya kupatikana na hatia.

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, inasema mtu hahesabiwi kuwa na kosa mpaka ithibitike. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka tangu siku hiyo hadi ya mwisho. Hauhamii kwako hata ukinyamaza mwaka mzima.

Hatua ya 3: Daftari la mwenye kesi

Nunua daftari. Kabla kumbukumbu haijachuja, andika kila kitu: saa, njia uliyopita, uliyekutana naye, uliyempigia simu, pesa iliyoingia na kutoka kwenye simu, tiketi ya boti ikiwa siku hiyo ulivuka kwenda Unguja. Andika pia yanayokuumiza: uligombana naye wiki iliyopita, ulikuwa unadaiwa, ulikimbia ulipoona polisi. Wakili anayeyasikia hayo kwako ofisini anaweza kuyapangia. Akiyasikia mara ya kwanza kutoka kwa mwendesha mashtaka, umekwisha.

Daftari hilo ni la wewe na wakili. Usilipige picha ukamtumia binamu. Usirikodi sauti kwenye WhatsApp kuelezea "ilivyokuwa hasa". Ujumbe wa sauti unasambaa kuliko harufu ya karafuu zilizoanikwa, na siku ya siku utachezwa mahkamani.

Kisha kuna maelezo uliyoyatoa polisi. Kwa mshitakiwa anayefikiria kupanda kizimbani, karatasi ile ina uzito kuliko nyengine zote. Ukisema mahkamani ulikuwa nyumbani na kule polisi uliandikwa ukisema ulikuwa baharini, mwendesha mashtaka hahitaji swali la pili. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, wewe na wakili myasome maelezo hayo neno kwa neno. Ikiwa uliyatoa kwa kupigwa au kutishwa, au hukuyatoa kabisa, wakati wa kulisema hilo ni pale shahidi wa mashtaka anapotaka kuyatoa yawe kielelezo. Hapo mahkama husimamisha kesi kubwa na kusikiliza kesi ndogo ndani yake, juu ya namna maelezo yalivyopatikana. Ukikaa kimya yakapokelewa, kisha miezi mitatu baadaye ukasema kwenye utetezi wako "nilipigwa", yataitwa maneno ya kutungwa baadaye.

Hatua ya 4: Jitetee kupitia midomo ya mashahidi wao

Nitakaa hapa kidogo, maana kesi nyingi nilizoona zikipotea zilipotea hapa, si kwenye utetezi.

Chukua mfano. Kijana amekamatwa saa 11 alfajiri na magunia mawili ya karafuu kavu kwenye gari la ng'ombe. Karafuu ni za bwana mmoja wa kijiji cha pili, zimeibiwa usiku. Kijana anasema alipewa kazi na mpwa wa mwenye karafuu, azipeleke kituo cha kununulia, alipwe ujira wake. Huo ndio utetezi wake wote, na ikiwa ni kweli unatosha.

Anapanda mwenye karafuu, anaeleza alivyoibiwa. Hakimu anamgeukia mshitakiwa: "Una swali?" Kijana, kwa adabu aliyofunzwa ya kutomkabili mtu mzima, anasema, "Sina, mheshimiwa." Anapanda mpwa, anasema hamjui kabisa. "Una swali?" "Sina." Anapanda sheha aliyeshuhudia upekuzi. "Sina." Kisha zamu yake inafika, anaapa, anasema, "Nilipewa kazi na mpwa wake." Mwendesha mashtaka anasimama na swali moja: "Mpwa alikuwa hapo ulipo wewe. Ulimuuliza?"

Mahkama ya Rufani imelisema hili mara nyingi, na hukumu mbili zinazotajwa sana ni za rufaa za Damian Ruhele na Nyerere Nyague: upande usiomuuliza shahidi juu ya jambo muhimu huchukuliwa kuwa umelikubali alilosema. Adabu ya kijijini imegeuka kukiri.

Basi kila shahidi wa mashtaka anapopanda, jiulize: je, katika utetezi wangu nitasema jambo ambalo huyu analijua? Kama ndiyo, lazima alisikie sasa, kwa maswali ya dodoso, yaani maswali anayoulizwa shahidi na upande usiomleta. Si lazima akubali. Mpwa atakataa, hilo linajulikana. Lengo ni liandikwe kwamba uliulizia tangu mwanzo. "Siku ya Jumatatu baada ya sala ya Isha ulikuja kwetu?" "Sikuja." "Hukuniambia nipeleke magunia mawili?" "Hapana." "Namba yako ya simu ni hii?" "Ndiyo." "Hukunipigia usiku ule?" Hapo akisita, hakimu ameona. Maswali mafupi, jambo moja kila swali, bila hotuba na bila hasira. Ikiwa huna wakili, yaandike nyumbani usiku uliotangulia. Hakuna anayekukataza kusoma kwenye karatasi.

Na likija jibu zuri, nyamaza. Mtu akisema, "Kulikuwa na giza," usimuulize, "Sasa uliniona vipi?" Atakueleza.

Jambo jengine la hatua hii linawahusu jamaa. Mama anayetaraji kuja kusema "mwanangu alilala kwangu" asikae mle ndani akisikiliza mashahidi wa mashtaka. Akishasikia yote kisha akapanda, ataambiwa amekuja kuziba mapengo. Abaki nje, hata kama moyo unamuuma.

Na kama utetezi wako ni kwamba hukuwepo pale, ulikuwa kwengine, itaje hoja hiyo mahkamani mapema kabla kesi haijasonga, pamoja na mahali na watu uliokuwa nao. Ikitolewa dakika ya mwisho hupewa uzito mdogo.

Hatua ya 5: Kesi ya kujibu

Mashtaka wakishafunga, hakimu anapima kama wameleta ushahidi wa kutosha kukutaka ujibu. Wakikosa, unaachiwa, huulizwi chochote. Wakili aombe nafasi ya kusema juu ya hili ikiwa kuna pengo. Ukiambiwa una kesi ya kujibu, usivunjike moyo, si hukumu. Omba muda wa kuzungumza na wakili wako kabla ya kujibu utajitetea vipi. Ombi hilo ni la kawaida. Hakimu atakutajia njia ulizonazo. Usichague usiyoielewa, muombe arudie.

Hatua ya 6: Pima

Swali la kwanza ninalowauliza familia ni hili: kuna jambo katika kesi hii ambalo hakuna mtu mwengine duniani anayeweza kulisema isipokuwa mshitakiwa? Kijana wetu wa karafuu analo. Mtu akikutwa na mali iliyoibiwa punde, mahkama inaruhusiwa kumdhania kuwa ndiye mwizi asipotoa maelezo yanayoingia akilini. Si lazima ayathibitishe; yanatosha yakiwa yanawezekana kuwa kweli. Lakini lazima yasemwe, na mwenye kuyasema ni yeye. Huyu apande. Vivyo hivyo aliyepiga kwa kujihami: mashahidi waliona pigo, yeye ndiye anayejua aliona nini mkononi mwa mwenziwe. Na vivyo hivyo pale mzozo wote ni nia: uliichukua Vespa ukijua si yako, au ulidhani ni ya ndugu yako?

Geuza upande wa pili. Kesi ni ya wizi wa mashine ya boti, usiku, na ushahidi pekee ni mtu mmoja anayedai alikutambua kwa mbali. Tangu hukumu ya Waziri Amani ya 1980, Mahkama ya Rufani inataka ushahidi wa kutambuliwa kwa macho uwe hauna shaka: mwanga ulikuwa wa nini, umbali kiasi gani, alikutazama kwa muda gani, alikujua kabla? Ikiwa wakili amemhoji shahidi huyo mpaka mwanga wenyewe umepotea, utapanda kuongeza nini? Labda utasema kwa bahati mbaya kwamba usiku ule kweli ulipita ufukweni. Mashtaka walikuwa na nusu ya kesi, umewapa nusu ya pili.

Pale kijiweni kwenye kahawa utasikia "kunyamaza ni kukubali". Kisheria si hivyo. Mahkama ya Rufani imerudia mara kwa mara kwamba mshitakiwa hatiwi hatiani kwa udhaifu wa utetezi wake bali kwa nguvu ya ushahidi wa mashtaka. Lakini usiende mbali ukadhani kimya hakina bei. Marekani, tangu 1965, mwendesha mashtaka haruhusiwi hata kukitaja kimya cha mshitakiwa. Uingereza, sheria ya 1994 iliruhusu kimya kipimwe dhidi yake katika mazingira maalum. Sheria ya mwenendo wa jinai ya Tanzania Bara nayo inairuhusu mahkama kuchukua tafsiri isiyompendeza aliyechagua kutosema. Hapa kwetu, usipange utetezi kwa kutegemea kwamba hakimu hatajiuliza kwa nini hukusema. Kimya kinafaa pale kesi yao ina tundu linaloonekana. Pale wamejenga ukuta mzima na wewe ndiye mwenye tofali lililokosekana, kimya ni ghali.

Kesi za udhalilishaji wa kijinsia, ambazo tangu 2021 zina mahkama zake maalum, zinataka tahadhari ya pekee. Kwa msimamo wa Mahkama ya Rufani katika kesi ya Selemani Makumba, ushahidi bora wa kosa la kujamiiana ni wa aliyetendewa mwenyewe. Akiaminika, unaweza kutosha. Hapo "hakuna aliyeona" si utetezi. Mshitakiwa asiye na hatia mara nyingi atahitaji kusema, na aseme bila kumtukana mtoto wala mama yake. Nimemsikia mmoja akipoteza dakika kumi kueleza tabia za binti. Alichokuwa anakifanya saa ile ya tukio hakukieleza hata kwa sentensi moja.

Mengine ya kupima, kwa ufupi: Je, maelezo yako ya polisi yanalingana na utakayosema? Je, una hasira za karibu? Mwendesha mashtaka mzuri atazitafuta. Je, mmeshitakiwa wawili, na ukisema utamgusa mwenzako? Basi tarajia wakili wake naye akuhoji, na si kwa upole. Je, jambo lako linaweza kusemwa na shahidi mwengine au kwa karatasi? Risiti haitetemeki.

*Juu ya yamini.* Kuna jambo letu la visiwani ambalo sijaliona kwenye vitabu vya mawakili. Watu wetu wamekua wakisikia kwamba ushahidi ni juu ya mdai na yamini ni juu ya anayekana. Kwa hiyo mshitakiwa hupanda akiamini kwamba akishaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakutenda, shauri limekwisha, aliyebaki ni yeye na Mola wake. Mahkama ya jinai haiendi hivyo. Kiapo ni mlango wa kuingilia kwenye ushahidi. Hakifungi kesi, kinakufungulia maswali. Wapo pia wanaokataa kuapa kwa kuogopa dhima hata wakiwa wa kweli, wakaonekana wana la kuficha. Ukiwa na wasiwasi huo, mwambie wakili mapema. Na ikiwa unachotaka kukiapia si kweli, usipande. Sheria ina kosa la kusema uongo chini ya kiapo, na la dini unalijua mwenyewe. Wakili pia haruhusiwi kukupandisha akijua unakwenda kudanganya.

Ukishaamua, mwambie wakili na aandike, na wewe utie saini kwenye daftari lako: tarehe fulani, nimeshauriwa hivi, nimeamua hivi. Wengi humlaumu wakili baada ya hukumu kwa jambo walilolichagua wenyewe, na wachache humlaumu kwa haki. Karatasi hiyo inawalinda nyote wawili.

Hatua ya 7: Ukipanda

Usikariri. Hadithi iliyokaririwa inajulikana kwa mpangilio wake, na swali moja la katikati linaivunja. Jizoeze kwa kuulizwa: mwambie wakili, au jamaa asiye shahidi, akuulize ovyo ovyo, mwanzo, mwisho, katikati.

Sema na hakimu, usimtazame mwenye kukuuliza. Sema polepole. Mara nyingi hakimu anaandika kwa mkono. Itazame kalamu, ikisimama endelea. Ulilolisema haraka likakosa kuandikwa, hukulisema. Eleza uliyoyaona na kuyafanya wewe, si uliyoambiwa.

Maswali ya dodoso yana sura zake. Kuna la kukubana kwa ndiyo au hapana: jibu, na kama linahitaji maelezo sema, "Ndiyo, na naomba nieleze." Kuna la kukutia hasira. Kuna la "kwa hiyo mashahidi wote watano ni waongo?" ambalo mtego wake ni kukufanya umtukane sheha na daktari kwa pumzi moja. Jawabu lake: "Mimi naeleza ninalolijua." Kuna swali la kimya, ambapo mwendesha mashtaka anakutazama tu baada ya jawabu lako, akingoja ujaze. Usijaze. "Sijui" ni jawabu kamili. "Sikumbuki" pia, ilimradi usisahau yale tu yanayokuumiza.

Ukikosea, rekebisha hapo hapo: "Mheshimiwa, nilisema Jumanne, ni Jumatatu." Marekebisho ya papo hapo hayamshangazi mtu. Na usimuulize swali mwendesha mashtaka. Hajaapa, wewe umeapa.

Kwa kawaida mshitakiwa hutangulia, mashahidi wake hufuata. Wachague wawili wanaojua kitu kuliko saba wanaojua wewe ni mtu mwema. Waambie tarehe, nauli, na mahali pa kungojea, maana kesi za Pemba zimekwama mara ngapi kwa shahidi aliyebaki bandarini Unguja akingoja boti.

Ikiwa huna wakili

Katika kesi ya mauaji mahkama humpangia mshitakiwa wakili. Kwa nyengine, usingoje siku ya utetezi. Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 ipo, na Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria ndiyo ya kuulizia. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992 na kinahudumia Unguja na Pemba. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, nayo husaidia. Sisi wasaidizi wa sheria tumo vijijini, muulize sheha. Hatuwezi kukusemea mahkamani, lakini tunaweza kukaa nawe na daftari lako, kukuandikia maswali kwa kila shahidi, na kukuuliza ovyo ovyo mpaka ulimi ukae sawa. Ikiwa mshitakiwa yuko rumande, jamaa atakayemtembelea ndiye abebe daftari na kalamu. Vyakula anavyo vya kuletewa na wengine.

Siku ya hukumu, ikiwa si ya kheri, muulize hakimu pale pale una siku ngapi za kukata rufaa, na uombe nakala ya hukumu pamoja na mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahkamani. Ukiupata mwenendo, fungua kwanza ukurasa wa utetezi wako, kisha urudi kwenye kurasa za mashahidi wa mashtaka, palipoandikwa mshitakiwa aliulizwa kama ana swali. Soma kilichoandikwa baada ya hapo. Wakili wa rufaa ataanzia hapo.